Kabati la Chini ya Sinki: Shajara ya Jiko la Mwalimu

Jumatatu, 18 Machi 2024

Leo tumeng'oa jiko la zamani la Mwalimu, mteja wangu wa Buruburu, Nairobi. Nasema tumeng'oa, ila kabati la sinki halikuhitaji nguvu. Nilishika mlango tu, bawaba ikanifuata mkononi na skrubu zake zote, na unga wa mbao ukamwagika sakafuni kama pumba. Chini kabisa, ubao wa pembeni uliosimama juu ya sakafu ya teraso ulikuwa umefura kama mkate uliosahauliwa kwenye kikombe cha chai. Juu ulikuwa na unene wa milimita 16. Chini nilipima 27.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na leso yake mabegani. "Fundi, safari hii niwekee plaiwudi ya marine. Mwanangu wa Mombasa ameniambia marine haioni maji."

Nikamjibu, "Sawa Mwalimu, tutaangalia." Sikutaka kubishana kabla sijajua maji yalipitia wapi.

Yeye analaumu bomba. Nililala chali chini ya sinki na tochi ya simu, na bomba ni kavu. Maji yalikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni ukingo wa sinki, ambako silikoni iliisha zamani na kila anapoosha vyombo matone yanateremka kwa ndani. Ya pili ni tundu la bomba lililotobolewa kwa msumeno na kuachwa hivyo hivyo, chipbodi ikiwa uchi. Ya tatu ndiyo iliyofanya uharibifu mkubwa: sakafu inapigwa deki kila asubuhi, na mbao za pembeni zimekanyaga sakafu moja kwa moja. Miaka kumi na kitu ya deki imepanda kupitia miguu.

Jumanne, 19 Machi

Kijana wangu wa karakana ameuliza kwa nini chipbodi ikikauka hairudi ilivyokuwa, maana mbao hurudi. Swali zuri. Chipbodi ni vipande vidogo vya mti vilivyopakwa gundi na kubanwa kwa joto na nguvu nyingi mpaka vikalala. Vikipata maji hukumbuka umbo lao la zamani na kujinyoosha. Gundi ya kawaida ya ndani ni ya urea, nayo haivumilii maji, inaachia. Hata jua la Februari haliwezi kukibana tena kilichokwisha kujinyoosha. MDF ya kawaida, bodi ya nyuzi za mti zilizobanwa kwa gundi, ni hadithi ile ile, ila nyuzi zake ni laini zaidi. Hazipasuki haraka, zinafura kimya kimya mpaka rangi inaanza kupasuka kwenye kingo.

Bodi za kuvumilia unyevu mara nyingi huongezewa melamini, kemikali ya kuisaidia gundi ivumilie maji. Mti ni ule ule, gundi ndiyo tofauti.

Ijumaa, 22 Machi

Nimezunguka hadwea nne, Jogoo Road hadi Eneo la Viwanda, kuomba vipande. Sikutaka kununua bodi nzima kabla ya kujaribu. Bodi ya futi nane kwa nne ya MDF ya milimita 18 ina uzito wa kilo 40 hivi, na ukiileta kwa mkokoteni ndipo ukagundua umedanganywa, hakuna anayeirudisha.

Kuhusu hii marine. Hapa Nairobi ukiomba marine, mara nyingi unaletewa plaiwudi yenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, ile ya kumwagia zege. Ni bodi nzuri kwa kazi yake. Lakini jina la marine, plaiwudi ya vyombo vya majini, lina maana yake: kiwango cha Uingereza cha BS 1088 kinataka gundi isiyoachia hata ikichemshwa, tabaka zisizo na mapengo ndani, na mti wenyewe uwe wa kuvumilia kuoza. Ngozi nyeusi inalinda uso. Pembeni, pale msumeno unapopita, ndipo utaona ukweli.

Muuzaji mmoja aliniapia, "Hii ni marine orijino, bosi." Nikamwomba anikatie ukingo. Tabaka la tatu lilikuwa na tundu ambalo kidole changu cha mwisho kiliingia. Akacheka, nami nikacheka, nikachukua kipande hicho hicho pia.

Nimechukua na MDF ya kijani kutoka hadwea mbili tofauti. Kijani ni rangi tu iliyochanganywa ili bodi itambulike. Haiongezi nguvu yoyote. Kwa bodi za viwango vya Ulaya ninachotafuta ni alama ya kuvumilia unyevu kwenye lebo: herufi MDF.H, au P3 na P5 kwa chipbodi. Mmoja kati ya wauzaji alinionyesha lebo. Mwingine alinionyesha rangi.

Jumamosi, 23 Machi

Ndoo ya lita 20, maji ya mfereji, na vipande saba vya sentimita tano kwa tano. Nimevipima unene katikati kwa vernia, kipimio cha milimita, nikaviandika namba kwa kalamu ya wino usiofutika, nikavizamisha saa nne asubuhi. Kipande cha PVC, bodi ya plastiki, kilikataa kuzama, kikabaki kinaelea kama bata. Tumekikandamiza kwa tofali.

Jumapili, 24 Machi

Nimetoka kanisani moja kwa moja hadi karakana. Saa 24 kamili. Kutoka kwenye daftari, kwa milimita:

Chipbodi ya kawaida, 16.1 imekuwa 19.6.
MDF ya kawaida, 18.0 imekuwa 20.0.
MDF ya kijani yenye lebo, 18.1 imekuwa 19.0.
MDF ya kijani isiyo na lebo, 18.0 imekuwa 19.9.
Plaiwudi ya zege, 17.5 imekuwa 18.4.
Plaiwudi ya pili, isiyo na ngozi, 18.2 imekuwa 18.9.
PVC, 18.0 na 18.0.

Tazama mstari wa nne. Kijani kile kile, bei ile ile ya MDF inayovumilia unyevu, na kimefura karibu sawa na MDF ya kawaida. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu MDF.H ya unene huu ifure isizidi asilimia 8 kwa saa 24. Ile ya lebo imekaa kwenye asilimia 5. Ile nyingine imefika zaidi ya 10. Kwa hiyo mtu amelipa pesa ya ziada kwa ajili ya rangi.

Jumatatu, 1 Aprili

Sikukuu, lakini vipande vimekauka wiki nzima juu ya rafu na nilitaka kuvipima kabla ya kuvipoteza. Chipbodi imebaki 18.9, na ukiikwaruza kwa ukucha inabomoka. Plaiwudi zote mbili zimerudi karibu kabisa zilipoanzia. Hapo ndipo nilipobadili mawazo kuhusu plaiwudi: inafura, ndiyo, ila inafura kama mbao na kurudi kama mbao, mradi gundi yake iko sawa.

Na gundi ina dawa yake. Tumewasha jiko la makaa, tukaweka sufuria iliyong'oka mkono, tukachemsha vipande vipya vya zile plaiwudi mbili kwa saa nne. Kipimo rasmi cha gundi ya nje kinachemsha kwa muda mrefu zaidi, saa 72, lakini makaa yana bei. Jirani wa karakana akapita akauliza tunapika nini. Kijana wangu akamjibu, "Supu ya mbao, mzee, karibu." Baada ya saa tatu na nusu hivi, kipande cha yule muuzaji aliyeapa kilifunguka kama kitabu. Tabaka mbili zikaelea peke yake. Kile kisicho na ngozi kilitoka kikinuka na kimekunjamana, ila kimeshikana. Nilijaribu kukitenganisha kwa patasi, mbao ikachanika kabla ya gundi.

Jumatano, 3 Aprili

Kabla sijamwandikia Mwalimu bei, niandike hapa jambo ambalo sikumwambia siku ya kwanza.

Mwaka juzi nilitengeneza makabati hapa Nairobi, nikayapakia kwenye lori hadi Bamburi. MDF ya kawaida, rangi nzuri nyeupe, mteja akapiga picha akafurahi. Kabla mwaka haujaisha alinitumia picha nyingine: milango imepinda kama kisahani, haifungi, na kwenye kingo rangi imepasuka. Nilisema ni maji ya sinki. Haikuwa sinki, kwa sababu hata milango ya juu ilipinda. Ilikuwa hewa. Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na bodi inakaa kavu kwenye karakana. Ikifika pwani inaanza kunywa unyevu wa hewa, usiku na mchana, hata bila tone moja kuigusa. Nami nilipaka rangi tabaka tatu mbele na tabaka moja jepesi nyuma. Upande wa nyuma ukanywa zaidi, ukarefuka zaidi, mlango ukainama kuelekea mbele. Nilirudi kwa gharama yangu. Tangu hapo kinachopakwa mbele kinapakwa nyuma, idadi ile ile.

Mwenzangu mmoja husema Nairobi si pwani, kwa hiyo tunajisumbua. Aje jikoni kwa mtu Julai, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, githeri inachemka tangu saa nane, na maji yanateremka kwenye vigae. Hiyo ni Mombasa ndogo ndani ya mita tatu kwa tatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mwalimu amekuja karakana mwenyewe. Nimempanga vipande juu ya meza kama karatasi za mtihani, akavaa miwani, akaviinua kimoja kimoja.

"Sasa kama PVC haikufura hata kidogo, Fundi, kwa nini usinifanyie yote ya PVC?"

Nilijua atauliza, nikawa nimejiandaa. Tangu Jumatano nilikuwa nimeweka rafu tatu za sentimita 80 kila moja, zimeshikwa ncha mbili tu, na mitungi miwili ya lita 20 iliyojaa maji juu ya kila moja. Nikavuta uzi. Rafu ya PVC imeshuka milimita 14 katikati. MDF ya kijani 5. Plaiwudi ilikuwa chini ya 3. "Hizo ni sufuria zako, Mwalimu, na unga na mchele." Akaingiza kidole kwenye pengo lililokuwa chini ya uzi, akanyamaza.

Kisha kuna skrubu. PVC ni povu ndani, ukikaza kupita kiasi skrubu inazunguka bure, na bawaba ya mlango unaofunguliwa mara hamsini kwa siku haitaki hivyo. Na kuna moto: inaanza kulainika kuanzia nyuzi 70 hivi, kwa hiyo siiweki kando ya meko.

Tumekubaliana. Kabati la sinki, sanduku lake lote isipokuwa ubao wa mgongo, ni PVC, na nguzo za plaiwudi pale bawaba zinaposhika. Mbao za chini za kuziba miguu, PVC. Makabati mengine ya chini na ya juu, MDF ya kijani yenye lebo. Rafu ndefu, ile plaiwudi iliyovumilia sufuria. Milango yote MDF ya kijani, rangi pande zote mbili. Chipbodi hakuna.

"Na marine?" akauliza.

"Marine umeiona ilivyofunguka kwenye sufuria."

"Nitampigia yule mtoto," akasema, akaondoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Kukata. Barakoa kwa wote wawili, na mlango wazi. Vumbi la MDF ni baya, na gundi za bodi hizi hutoa formaldehaidi kidogo kidogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Ndiyo maana nilitafuta bodi iliyoandikwa E1, daraja la bodi zinazotoa formaldehaidi kidogo, na ndiyo maana kingo zote zitazibwa, hata zile za nyuma zisizoonekana.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua ya jana imefurisha mitaa mingi ya Nairobi, na watu wamepoteza vitu vikubwa kuliko bodi, kwa hiyo sina la kulalamikia. Niandike tu kilichotokea. Maji yaliingia karakana hadi chini ya kifundo cha mguu. Vilivyokatwa vilikuwa juu ya meza. Bodi mbili nzima za kijani tuliziacha zimesimama ukutani, kosa langu, nilimwambia kijana tutazilaza kesho. Tumezikuta zimekunywa kwa chini, alama ya maji ikifika sentimita nne.

Leo nimekata ukanda wa sentimita nane kutoka kila bodi, na kutupa. Ukingo uliolowa ulikuwa umefika milimita 19.7. Hii ni bodi yenye lebo, iliyofaulu ndoo. Kuvumilia unyevu ni kuvumilia mvuke na tone linalofutwa. Usiku mzima ndani ya maji machafu, MDF ya kijani kama hii haivumilii. Kuanzia leo bodi zinalala juu ya magogo, sentimita 30 kutoka sakafuni.

Alhamisi, 2 Mei

Ejingi, yaani kuziba kingo za bodi. Hii ndiyo kazi ambayo mteja haioni na ndiyo inayoamua. Uso wa bodi una ngozi ya melamini au rangi, maji hayapiti kirahisi. Pembeni ni sifongo. Kingo za makabati nimetumia utepe wa PVC wa milimita moja, milango ya karibu na sinki milimita mbili, umebandikwa kwa mashine ya jirani. Gundi ya mashine ile ni ya kuyeyushwa kwa joto, kwa hiyo ninaogopa mvuke wa meko. Kwa mlango ulio kando ya meko nimeacha utepe, nikaziba ukingo kwa vanishi tabaka mbili, msasa, kisha rangi.

Matundu ya bawaba, yale mapana ya milimita 35, nayo ni vidonda. Kila moja limepakwa vanishi kwa brashi ndogo kabla ya bawaba kuingia. Kijana aliuliza kama nina wazimu. Yapo matundu 28.

Jumamosi, 11 Mei

Kufunga, siku ya kwanza. Miguu ya plastiki ya kurekebisha, sentimita kumi, chini ya kila kabati. Hakuna bodi inayogusa teraso. Mbao za kuziba mbele zimeshikwa kwa klipu, Mwalimu anaweza kuzivuta, akapiga deki hadi ukutani, akazirudisha. Amejaribu mara tatu mfululizo akifurahi kama mtoto.

Nyuma nimeacha nafasi ya milimita kumi kati ya kabati na ukuta. Ukuta ule wa nje una alama za unyevu wa zamani, na kabati lililobandikwa kwenye ukuta wa namna hiyo linaoza kwa mgongo, hata liwe la bodi gani.

Jumatatu, 13 Mei

Sinki. Nilikuwa nimemaliza kufunga bomba nikapapasa nyuma ya tundu lake kwenye ubao wa mgongo. Kavu, linakwaruza kidole. Ubao huo wa mgongo ni MDF ya kijani, na tundu lilitobolewa Jumamosi jioni na halikuzibwa. Tundu lile lile lililoua kabati la zamani. Sikumgombeza kijana, mimi ndiye niliyempa tochi ikiwa na betri mbovu. Tumefungua bomba upya, tukapaka vanishi, tukangoja, tukazungushia silikoni. Saa mbili zimepotea.

Silikoni ya ukingo wa sinki ni ya kuzuia kuvu. Nimeweka wakati sinki limejazwa maji, ili likishuka kwa uzito silikoni iwe imeshanyooka.

Jumamosi, 20 Julai

Nilimwahidi Mwalimu kurudi kwenye baridi. Wiki za mawingu, nguo hazikauki, ndiyo hali niliyoitaka. Nilikwenda na vernia mfukoni.

Pembeni ya kabati la sinki, 18.0. Mlango wa kulia, chini, 18.2, nilipoufunga ulikuwa 18.1. Milango yote inafunga. Rafu ya unga imenyooka.

Mlango wa kushoto wa sinki, ukingo wa juu: utepe umeinuka, urefu wa sentimita tatu. Nilishangaa, maana hapo maji hayafiki. Kisha nikaona kitambaa cha kufutia vyombo, kimetundikwa juu ya mlango huo huo, kimelowa. Kinakaa hapo mchana kutwa, na kinakaa hapo usiku.

"Mwalimu, hiki kitambaa…"

"Ndipo ninapokiweka tangu mwaka wa themanini na mbili, Fundi."

Nimesafisha, nimepaka gundi ya mpira pande zote mbili, nimengoja ikauke kidogo, nimebandika na kubana kwa kibano mpaka chai iliponoga. Kisha nimepiga ndoano ya chuma kisichoshika kutu kwenye vigae, kando ya dirisha, sentimita arobaini kutoka pale mkono wake ulipozoea. Amekitundika kitambaa kwenye ndoano. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni nikasikia mlango wa kabati unagongwa, nikageuka. Kitambaa kimerudi juu ya mlango, naye ameshika mdomo.

Kabla sijaondoka alinipa simu. Mwanawe wa Mombasa anataka jiko kama hili, nyumba iko Tudor, na bado anauliza kuhusu marine. Nimemwambia anitumie vipimo vya chumba na picha ya ukuta wa sinki, na kwamba nitafika na ndoo yangu.